Daktari wa kukata tumbo nitamjuaje ni wa kuaminika? Jibu kwa mama wa wanne, Malindi

Waalaikum salaam dadangu. Swali lako nimelisoma lote na nalieleza kwa ufupi hapa ili wenzako wenye shida kama hii nao wafuate. Wasema una miaka 38, wakaa Maweni, watoto wanne na wawili wa mwisho walitoka kwa sizeria, na tangu hapo tumbo limening'inia juu ya mshono, kitovu kimetokeza, umefanya mazoezi umepunguza na wanga, kilo zikashuka lakini tumbo liko pale pale. Mume yuko Doha, arudi mwezi wa nane, wataka akukute umebadilika. Umeona tangazo TikTok la "daktari bingwa kutoka Ulaya" atakayekuja Malindi wiki moja, atanyonya mafuta, akate tumbo, na yale mafuta ayadunge kwenye makalio yawe makubwa, ile waiitayo BBL, yote siku moja, na ofa ni kwa atakayetuma dipoziti ya M-Pesa kabla ya Ijumaa. Bei wamekupa kwa WhatsApp baada ya wewe kutuma picha mbili. Binamu yako naye akwambia achana na hao, nenda Istanbul. Ukamaliza hivi: "Daktari, mimi mambo haya siyajui, nitajuaje yupi wa kuaminika?"

Dipoziti usitume. Ijumaa iache ipite, hakuna upasuaji wa urembo wa haraka hivyo na mtu anayekuharakisha kwa jambo la mwili wako ashakuonyesha alivyo.

Mimi kazi yangu ndo hii, upasuaji wa plastiki, nafanyia Mombasa na kwetu ni hapo hapo Malindi, kwa hivyo nitakujibu kama ninavyowajibu madada zangu wa nyumbani wakiniuliza.

Naanza na kitovu manake hapo ndo niliposhtuka. Umeandika kimetokeza, ukikohoa chafura, ukilala chali charudi. Kwa maelezo hayo yafanana na ngiri ya kitovu, yaani ukuta wa tumbo una tundu na kitu cha ndani, mara nyingi mafuta na pengine kipande cha utumbo, chajisukuma pale. Sijakupima kwa hivyo sisemi ndiyo ndivyo, lakini lazima iangaliwe, kwa sababu mtu akiupitisha ule mrija wa chuma wa kunyonya mafuta kwenye tumbo lenye ngiri asiyoijua aweza kutoboa utumbo, na utumbo ukitoboka hujui siku ile. Waamka, waambiwa maumivu ni kawaida, wapewa vidonge waenda zako nyumbani, siku ya pili ya tatu tumbo lajaa, homa, matapishi, na kama hakuna wa kukurudisha thieta upesi mtu anakufa. Sasa hawa wamekupa bei kwa picha mbili za simu. Hakuna aliyekushika tumbo, hakuna aliyekwambia ukohoe.

Daktari anayeijua kazi atakulaza chali, akwambie inua kichwa kidogo kama wataka kutazama vidole vya miguu yako, hapo misuli ya tumbo inakaza na yeye aweka vidole vyake katikati, juu ya kitovu na chini yake, apime misuli imeachana kiasi gani. Baada ya mimba nne kuachana ni kawaida sana. Halafu utakohoa mkono wake ukiwa pale kitovuni. Atakusimamisha, ashike ile nyama iliyoning'inia aone ni ngozi, ni mafuta au ni vyote viwili, atazame mshono wa sizeria kama umeshikana na nyama za chini. Ni dakika chache tu lakini hapo ndo anajua wewe ni wa kunyonywa mafuta, ni wa kukatwa ngozi na kushonwa misuli, au ni wa kupelekwa kwanza kwa daktari wa upasuaji wa kawaida ngiri irekebishwe. Na kama ngozi imelegea na misuli imeachana, kunyonya mafuta peke yake hakutakufaa kitu, yale mafuta yakitoka ngozi itazidi kuning'inia na pesa zako zishakwenda. Ngiri nayo ni ugonjwa, kwa hivyo bima yaweza kuihudumia wakati mambo ya urembo kwa kawaida utalipa mwenyewe mfukoni, hilo pia daktari mwaminifu atakwambia hata kama limempunguzia yeye.

Tuje kwa jina. Hapa Kenya daktari yeyote anayetibu watu lazima awe ameandikishwa na Baraza la madaktari, KMPDC, na leseni yake hufanywa upya kila mwaka. Ingia kwenye tovuti yao, kuna pahali pa kutafuta, andika jina utaona kama yumo na kama leseni yake ni ya mwaka huu, tazama na fani yake ni gani. Wako wanaojiita madaktari wa urembo na ukichungua ni daktari aliyemaliza chuo juzi, au ni klinikal ofisa, au ni mtu wa saluni aliyefanya kozi fupi ya kudunga fila, zile sindano za kujaza ngozi. Wengine ni madaktari wa kweli wa fani nyingine, wa ngozi, wa wanawake, wazuri kabisa katika kazi yao, lakini tumbo kama lako hawakufundishwa kulikata na kulishona. Mtu akitaka kuwa daktari wa plastiki hapa kwetu asoma udaktari miaka 6, mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini, kisha arudi kusomea upasuaji wenyewe kama miaka 5 tena, ama Chuo Kikuu cha Nairobi ama kwa COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Wengine wamesomea nje wakatambuliwa hapa. Chama chao ni KSPRAS, waweza kuwauliza kama fulani ni mwenzao. Ni wachache kwa nchi nzima na wengi wako Nairobi, kwa hivyo ukisikia bingwa mpya ametokea Malindi na hakuna hospitali inayomjua, una haki ya kutilia shaka.

Jina kuwepo kwenye orodha pia hakutoshi manake kuna wanaotembelea jina la daktari wa kweli. Chukua jina hilo, tafuta wewe mwenyewe namba ya hospitali anayosema afanyia kazi, usitumie namba aliyokupa yeye, piga uliza: daktari fulani anafanyia upasuaji kwenu? Kukata tumbo anafanya hapo? Hospitali zenye utaratibu humkagua daktari kabla ya kumfungulia thieta, kwa hivyo hospitali ikisema ndiyo huyu ni wetu na hii kazi anaifanya hapa, hilo kwangu lina uzito kuliko wafuasi laki moja wa TikTok. Na kama kazi hiyo huifanya nyumbani kwa watu au kwa apatimenti lakini hakuna hospitali inayomruhusu, umeshapata jibu.

Huyu wa Ulaya sasa. Sisi Malindi tumezoea wageni, Waitaliano wana miaka mingi kwetu, nyumba zao zimejaa kutoka Casuarina mpaka Watamu, kwa hivyo mtu akisema kuna daktari wa kule amekuja msimu huu hatushtuki. Yawezekana kweli ni daktari mzuri kwao. Lakini mgeni kutibu hapa lazima awe na kibali cha KMPDC, leseni ya muda, na aifanye kazi katika kituo chenye leseni. Omba jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti na nakala ya hiyo leseni. Wakikwambia jina utalijua ukishalipa, basi.

Hata akiwa na leseni bado mimi namuuliza swali moja ambalo ndo naona kubwa kuliko yote, na nataka wewe uliulize kwa kila daktari utakayemuendea: siku ya kumi na mbili usiku, mshono ukaanza kutoa usaha, nani atakuja? Wiki yake ikiisha yeye yuko kwenye ndege na wewe uko Maweni.

Nikueleze kwa nini nakazania hapo. Kuna mama alitufikia usiku kutoka miji ya huku kaskazini, sitautaja mji, ameshikwa na dada zake wawili huku na huku. Alikatwa tumbo siku tisa nyuma kwenye nyumba ya kukodi. Chini ya kitovu, katikati ya mshono, ngozi imegeuka nyeusi, imekuwa ngumu, pembeni yatoka majimaji yanayonuka, na leso aliyojifunga imelowa mpaka mgongoni. Nikauliza karatasi za hospitali. Dada mtu akafungua pochi akatoa simu, akanionyesha ujumbe wa M-Pesa wa malipo na picha ya tangazo. Hilo ndo lilikuwa faili lake lote. Hatukujua mafuta yalitolewa kiasi gani, alipewa dawa gani, misuli ilishonwa au haikushonwa. Namba ya huyo daktari mchana iliita haikupokelewa, jioni ikazimwa. Alhamdulillahi alipona, lakini alirudi thieta tena na tena na mwisho tukachukua ngozi ya paja tukafunikia, na ukimuona leo tumbo lile silo alilolilipia.

Ngozi kufa namna ile yaweza kumpata hata mgonjwa wa daktari mzuri, nataka ulijue hilo, khasa kama mtu avuta sigara au shisha manake moshi ule hubana mishipa midogo ya damu na ile ngozi iliyovutwa haipati damu ya kutosha. Kwa hivyo daktari akikwambia yeye hajawahi kupata tatizo hata siku moja, ama anakudanganya ama hajafanya kazi nyingi. Muulize bila haya: wagonjwa wako wakipata tatizo huwa ni tatizo gani, na umelitatuaje? Anayejibu kwa utulivu, akakutajia maji kukusanyika chini ya ngozi, mshono kufunguka kidogo, usaha, damu kuganda miguuni, na akakueleza kila moja wao hulishughulikia vipi, huyo ni mtu wa kukaa naye chini. Mgonjwa wake huonwa baada ya siku mbili tatu, aonwe tena wiki ikiisha, na weusi ukianza tu kwenye ngozi washajua.

Malindi mpaka Mombasa ni kama kilomita 120, kwa mtu mwenye afya zake ni matatu ya saa mbili na kitu, kwa mtu mwenye mshono wa nyonga hadi nyonga na kitu kimeharibika saa nane ya usiku ni mbali sana. Ndo maana wagonjwa wangu wa Malindi nawaambia wiki mbili za kwanza wakae Mombasa kwa jamaa au wapange chumba, na wa Lamu nawakazania zaidi, manake Lamu usiku huo kuna boti ya kutafuta kwanza kabla hujafika Mokowe, gati ya upande wa bara, na barabara yenyewe ni ndefu. Akiwa wa Nairobi daktari wako, akuandikie jina la daktari wa upasuaji wa huku pwani aliyezungumza naye na aliyekubali kukuona. Kukuambia tu "nenda hospitali yoyote" hapana. Na usitoke hospitalini bila ripoti ya maandishi: kilichofanywa, mafuta lita ngapi, dawa gani, nani alifanya, namba ya usiku.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye kigimbi, au pumzi ikawa fupi, au kifua kikachoma ukivuta hewa, usingoje asubuhi, hiyo yaweza kuwa damu iliyoganda imepanda mapafuni na upasuaji wa tumbo ni katika zile zinazoleta hilo.

Kuhusu pahali penyewe. Upasuaji wa kukaza tumbo hufanywa ukiwa umelala kwa nusu kaputi, ni saa mbili tatu na pengine zaidi, kwa hivyo wataka thieta ya kweli yenye oksijeni, mashine ya kupima moyo na pumzi, damu ya kuongeza ikihitajika, na ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, iwe ndani au karibu sana. Vituo navyo vina leseni ya KMPDC na daraja lake, iulize. Kituo cha Level 2 ni daraja la zahanati, wakitaka kukulaza kwa nusu kaputi hapo chukua mkoba wako uende. Mwaka 2024 kuna mama alifariki Nairobi baada ya kutolewa mafuta kwenye kliniki ya urembo na KMPDC ikaifunga ile kliniki, habari ilienea nchi nzima, na ilikuwa kliniki yenye matangazo mazuri tu.

Uliza nani atakulaza usingizi. Hili watu hulisahau kabisa, wao macho yote kwa anayekata, na anayekushikilia pumzi ni yule mwingine. Lazima awe mtu wa fani hiyo, awe na wewe toka mwanzo mpaka umeamka, na aje kukuona kabla ya siku yenyewe akuulize maswali. Anayekata kumlaza mgonjwa mwenyewe huku akikata hatutaki.

Sasa hii BBL. Dadangu mimi kwa hali yako nakwambia wazi, iache, na usichanganye na tumbo siku moja. Mafuta yakidungwa kwa kina, yakaingia ndani ya msuli wa tako, kule kuna mishipa mikubwa ya damu, yakiingia humo yanakimbilia moyoni na mapafuni na mtu hufa hapo hapo mezani. Utafiti uliotoka 2017 ulikadiria kifo kimoja kwa kila BBL 3,000 hivi, kiasi kikubwa sana kwa jambo la urembo, na 2018 madaktari wa plastiki wa Uingereza waliwaambia wanachama wao waiache kwanza, halafu 2022 wakairuhusu kwa sharti mafuta yakae chini ya ngozi tu, juu ya msuli, na daktari atazame kwa ultrasaundi akidunga. Kwa hivyo ukikutana na mtu anayeifanya muulize hayo mawili, unadunga wapi na una ultrasaundi? Asipokuelewa swali mshukuru utoke. Na kuna jambo jepesi tu la akili, ukishonwa tumbo walala chali umejikunja kidogo ili mshono usivutike, ukifanya BBL huruhusiwi kulalia makalio wala kuyakalia wiki kadhaa. Sasa utalalaje wewe? Anayekuuzia vyote kwa siku moja kama paketi hajafikiria usiku wako wa kwanza. Mafuta yenyewe nayo yana kiasi, Marekani yakipita lita 5 kwa mara moja wanahesabu ni mengi na mtu hulala hospitali akiangaliwa.

Picha za kabla na baada zitazame kwa makini. Mwanga uwe ule ule, asimame vile vile, nguo ya ndani isifiche mshono, manake huko ndiko kazi ilipo. Kitovu kipya kikoje, kina umbo au ni tundu tu? Ncha za mshono kwenye nyonga zimelala au zimetokeza? Halafu omba picha za mwaka mmoja baadaye, wiki ya pili kila mtu ana tumbo bapa manake kuna uvimbe na kuna kibano, ule mkanda wa kubana tumbo. Na uombe za ngozi kama yako, za waliokuwa na sizeria. Sisi ngozi nyeusi hupata makovu ya kufura, keloidi, kirahisi, kama wewe ulipotoboa masikio yalifura au mamako ana keloidi ya kifuani sema siku ya kwanza, na mwangalie daktari atakavyopokea habari hiyo. Na picha zako wewe asiziweke mtandaoni bila ruhusa yako ya maandishi, sheria ya kulinda data ya 2019 iko.

Istanbul sasa. Kule kuna wapasuaji wazuri sana, binamu yako hakukosea hapo, na kuna viwanda vya wagonjwa ambako humuoni aliyekukata mpaka asubuhi ya siku yenyewe. Wizara ya Afya ya Uturuki hutoa cheti maalumu kwa hospitali na mawakala wanaopokea wagonjwa wa kigeni, kiulize, na usikubali kuongea na wakala tu, zungumza na daktari mwenyewe kwa video na ujue jina lake kabla hujakata tiketi. Kukaa huko, usipande ndege mara tu baada ya kukatwa tumbo, mimi kwa safari ndefu kama ile nataka wiki mbili au zaidi, kwa hivyo hesabu na pesa za chumba, chakula na mtu wa kwenda naye. Ukirudi kidonda kikawa hakikauki wiki baada ya wiki na dawa za kawaida hazikisaidii, mwambie daktari wa hapa ulipasuliwa nje, manake kuna vidudu vya jamii ya TB ambavyo vimewapata wagonjwa waliosafiri kupasuliwa, Wamarekani wamerudi navyo kutoka Jamhuri ya Dominika, na havionekani kwa kipimo cha kawaida mpaka daktari ajue kuvitafuta. Kwa roho yangu mimi, mama wa wanne mwenye swali la ngiri, ningependa upasuliwe pahali ambapo aliyekupasua waweza kumfikia kwa gari.

Upande wako pia kuna kazi. Daktari mwaminifu atakuuliza mambo mengi, usimfiche. Selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell), iko sana huku kwetu pwani, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kule Kilifi wameifanyia kazi miaka mingi, kama hujawahi kupima upime kabla ya nusu kaputi, na kama una mtoto nayo ndo usikose kabisa. Damu yako iwe ya kutosha, sukari ijulikane, presha ijulikane. Vidonge vya kupanga uzazi utaje manake baadhi yake huongeza damu kuganda. Shisha iachwe wiki 4 mpaka 6 kabla na baada pia. Na zile dawa zetu za nyumbani, habasoda, vitunguu thaumu vya kumeza, mizizi ya kupunguza tumbo, nazo zitaje zote, wengine huona aibu kuzisema na baadhi yake hufanya damu isigande vizuri.

Baada ya upasuaji utavaa kibano wiki kama sita, ni kama mkaja tu ule tunaofungwa tukijifungua, na nyinyi wenye mama na mashangazi mnisikilize hapa: hakuna kukandwa kwa maji ya moto, hakuna kusuguliwa mafuta, ngozi ile haina hisia kwa muda na mtu huungua bila kujua. Utatembea umeinama siku za mwanzo. Mtoto hubebi, ndoo huinui, wiki sita. Sala utaswali kwa kiti, rukuu na sijda zitangoja. Kwa hivyo nani atapika, nani atabeba huyo mdogo? Daktari anayejua kazi hukuuliza hayo kabla hajataja bei, na bei akitaja huandika kila kitu, thieta, usingizi, kulala wodi, kibano, kuonwa baadaye, na ikibidi kurudi thieta ni nani atalipa. Sheria ya afya ya 2017 yakupa haki ya kuelezwa hatari, njia nyingine zilizopo na gharama kabla hujatia sahihi. Soma karatasi nyumbani, si ukiwa umeshavalishwa gauni la thieta.

Mwisho ni mumeo. Sahihi ni yako wewe, ni mwili wako na mtu mzima hahitaji ruhusa. Lakini nakushauri azungumzwe naye, na sababu yangu ni ya kitabibu: je, mnataka wa tano? Akirudi mwezi wa nane ukashika mimba, misuli iliyoshonwa yavutika tena na kazi yote yaweza kuharibika. Tena mwezi wa nane ni karibu mno. Kilo zako lazima zitulie kama miezi sita kwanza, na umbo lenyewe kukaa sawa ni miezi sita hadi mwaka, kwa hivyo hata ungekatwa wiki hii mume angekukuta umevimba na umefungwa kibano. Na asipokuwa yeye basi mamako au dadako lazima ajue uko hospitali gani, na nani daktari wako.

Fanya hivi. Wiki hii nenda hospitali hapo Malindi ukaonwe kitovu, wakipige ultrasaundi, upime na damu na sukari. Wakisema ngiri ipo, uliza kama bima itahudumia na usikubali irekebishwe haraka haraka kabla hujaongea na daktari wa plastiki, manake mara nyingi huwezekana ngiri na tumbo vikafanywa pamoja kwa mshono mmoja na ni vizuri wapange wao wawili. Ikiwa haipo na ni misuli tu imeachana, omba upelekwe kwa mtu wa fiziotherapi miezi michache, wapo wanaotosheka na hiyo. Halafu wewe chagua madaktari wawili wa plastiki kwenye ile orodha ya KMPDC, waendee wote, lipa ada ya kuonwa na usilipe kingine chochote siku hiyo. Lile swali la usiku wa siku ya kumi na mbili liulize kwa wote wawili, uandike walivyojibu. Majibu ya ultrasaundi ukiyapata niandikie tena, tuyatazame kabla hujachagua.